Nyumba ya Luther Haikuwa Nyumba ya Kwanza ya Mchungaji: Ufafanuzi wa Jengo Linalowachanganya Wengi

Kila mwaka tarehe 31 Oktoba inapokaribia, Walutheri wa Afrika Mashariki hujiandaa kwa Sikukuu ya Matengenezo ya Kanisa, na katika siku hizo husambaa picha za jengo refu la ghorofa lenye paa la vigae, lililoko katika mji wa Wittenberg, mashariki mwa Ujerumani. Maelezo yanayoambatana na picha hizo karibu hayabadiliki: hii ndiyo nyumba ya kwanza ya mchungaji, hapa ndipo Martin Luther, mwanatheolojia wa Kijerumani aliyeanzisha matengenezo hayo katika karne ya 16, alipoishi na mke wake Katharina na watoto wao. Kutokana na maelezo hayo huzuka hoja ambazo mtu aliyewahi kuketi katika kikao cha wazee wa kanisa atazitambua mara moja. Wapo wanaosema kwamba ikiwa Luther mwenyewe aliishi katika jengo kubwa namna ile, hakuna sababu ya kunung'unika mchungaji anapojengewa nyumba nzuri. Wengine hudai kwamba Luther alijitwalia mali ya kanisa, na kwamba tabia hiyo imerithiwa. Na wapo wanaoamini kwamba mchungaji wa kweli hapaswi kuwa na nyumba yake binafsi hata kidogo, kwa kuwa nyumba ya mchungaji tangu mwanzo ilikuwa mali ya waumini.

Hoja zote hizo zinaegemea jengo moja, na zote zinaliegemea vibaya. Jengo hilo halikujengwa liwe nyumba ya mchungaji, na lilipokaliwa na Luther halikuwa nyumba ya mchungaji kwa maana tunayoitumia leo. Ili jambo hili lieleweke, inafaa tuanze na maana za maneno, kisha tuingie ndani ya jengo lenyewe.

Nyumba ya mchungaji, katika makala haya, ni nyumba inayotolewa na kanisa au usharika ili mchungaji aishi humo muda wote anapohudumu mahali hapo. Mfano wake wa karibu ni nyumba ya mwalimu katika shule ya kijijini: mwalimu huingia kwa sababu amepangiwa shule ile, hulima bustani na kulea watoto humo kana kwamba ni kwake, lakini anapohamishwa au kustaafu hukabidhi ufunguo, na hata akifariki mjane wake hawezi kuiuza wala kuirithi. Nyumba binafsi ni kinyume cha hilo, kwani mwenye nyumba aweza kuiuza, kuigawa kwa watoto, au kuiacha kwa mke wake. Monasteri nayo ni makao ya watawa, yaani watu walioweka nadhiri ya kuishi kwa pamoja bila kuoa na bila kumiliki mali binafsi. Neno jingine la kuzingatia ni mchungaji lenyewe, ambalo hapa linamaanisha mtu aliyekabidhiwa usharika maalumu kuutunza. Si kila mhubiri aliyebarikiwa ana usharika, na tutaona kwamba tofauti hiyo ndiyo ufunguo wa suala zima.

Jengo tunalolizungumzia lilianza kujengwa mwaka 1504, katika ncha ya mashariki ya mji, karibu na lango lililoitwa Elster. Miaka miwili kabla yake, mtawala wa Saksonia, Friedrich aliyepewa jina la Mwenye Hekima, alikuwa ameanzisha chuo kikuu Wittenberg, na chuo kilihitaji walimu. Watawa wa shirika la Mtakatifu Augustino walikuwa wasomi, hivyo walikaribishwa na kupewa kiwanja ambako awali kulikuwa na hospitali ya Roho Mtakatifu. Watu wa mji waliliita jengo hilo Monasteri Nyeusi kutokana na rangi ya majoho ya watawa. Wittenberg ya wakati ule ilikuwa mji mdogo wa watu wapatao 2,000, na jengo la watawa lilikuwa miongoni mwa majengo makubwa kabisa ndani ya kuta zake.

Umbo la jengo hueleweka upesi tukikumbuka kazi yake ya kwanza. Sehemu tunayoiona leo ni bweni la watawa, na ndiyo sababu ni refu na jembamba: chini palikuwa na ukumbi wa kulia chakula wenye dari la matao, na juu vyumba vidogo vya kulala na kusomea. Paa lilifanywa la mteremko mkali ili theluji iteleze. Hapakuwa na sebule wala chumba cha wageni wa familia, kwa kuwa hakuna aliyefikiria kwamba siku moja watoto wangekimbia katika korido zile. Upande wa kusini, ulioelekea ukuta wa mji na Mto Elbe, palikuwa na mnara mdogo ulioungana na jengo, na humo Luther alikuwa na chumba chake cha kusomea. Mnara huo ulibomolewa zamani, na misingi yake ilifukuliwa na wanaakiolojia mwaka 2004.

Luther aliingia humo akiwa mtawa. Alifika kwa muda mwaka 1508, akarudi moja kwa moja mwaka 1511, na mwaka 1512 akapata shahada ya udaktari wa theolojia na kukabidhiwa kufundisha Biblia chuoni. Kazi hiyo ya uprofesa ndiyo aliyoifanya hadi kifo chake. Alihubiri mno katika kanisa la mji, Kanisa la Mtakatifu Maria, lakini usharika huo haukuwa wake, na kuanzia mwaka 1523 ulikuwa na mchungaji wake mwenyewe aliyeitwa Johannes Bugenhagen. Luther alishika nafasi ya Bugenhagen pale tu mwenzake alipokuwa safarini. Kwa hiyo hata kabla hatujafika kwenye ndoa na familia, dai la kwanza limeshayumba: aliyeishi katika Monasteri Nyeusi alikuwa profesa na mhubiri, na mchungaji wa Wittenberg aliishi kwingine.

Jinsi monasteri ilivyogeuka kuwa nyumba ya familia ni habari inayopotoshwa kuliko zote. Baada ya mafundisho ya Luther kuenea, na hasa alipokuwa amefichwa katika ngome ya Wartburg kuanzia mwaka 1521, watawa wengi wa Wittenberg waliacha nadhiri zao na kuondoka. Kufikia mwaka 1524 walibaki Luther na mkuu wa monasteri, Eberhard Brisger, katika jengo lililojengwa kwa ajili ya makumi ya watu. Hawakuwa na michango ya kutosha kulitunza. Luther mwenyewe alisimulia baadaye kwamba kitanda chake kilikaa mwaka mzima bila kutandikwa. Wawili hao walikuwa tayari kulirudisha jengo mikononi mwa mtawala, kwa kuwa shirika la watawa lililopewa kiwanja halikuwepo tena mahali hapo, lakini Friedrich alifariki mwezi Mei mwaka 1525 bila kutoa uamuzi wa mwisho.

Tarehe 13 Juni mwaka huohuo Luther alimwoa Katharina von Bora humohumo ndani ya jengo, na aliyefungisha ndoa alikuwa Bugenhagen. Katharina alikuwa mtawa aliyetoroka monasteri ya Nimbschen pamoja na wenzake wakati wa Pasaka ya mwaka 1523. Mtawala mpya, Johann, ndugu yake Friedrich, aliwaruhusu waendelee kuishi pale na kumwongezea Luther mshahara hadi gulden 200 (sarafu ya wakati ule) kwa mwaka. Mwaka 1532 Johann alitoa hati rasmi iliyowapa Luther, Katharina na warithi wao jengo na uwanja wake, bila kodi, pamoja na haki ya kupika bia na kufuga mifugo. Aliyetoa alikuwa mtawala wa nchi, mali ilikuwa imebaki bila mwenyewe, na hati iliandikwa. Mtu aweza kubishana kama watawala walikuwa na haki ya kugawa mali za monasteri, na ubishi huo ni wa maana kwa sababu katika sehemu nyingine za Ujerumani wakuu wa serikali walijinufaisha sana kwa njia hiyo. Lakini kusema kwamba Luther alivunja mlango na kujimilikisha ni kumsingizia.

Hapa inafaa pia kuondoa dhana kwamba Luther ndiye mtumishi wa kwanza wa kanisa kuoa na hivyo kuanzisha familia ya mchungaji. Bartholomäus Bernhardi, aliyesimamia kanisa la Kemberg, mji mdogo ulio jirani na Wittenberg, alioa mwaka 1521. Bugenhagen alioa mwaka 1522. Luther aliwafuata akiwa amechelewa, baada ya kuwatetea wenzake kwa miaka minne. Wala si kweli kwamba kabla ya hapo makasisi hawakuwa na nyumba. Karibu kila parokia ya Ulaya ya zama za kati ilikuwa na nyumba ya padre, mara nyingi yenye shamba lake, na Mtaguso wa Pili wa Laterano wa mwaka 1139 uliotangaza kwamba ndoa za makasisi si halali haukuzuia wengi wao kuishi na wanawake na kupata watoto ambao sheria haikuwatambua. Kilichobadilika katika karne ya 16 ni kwamba mke alitoka mafichoni, akapewa jina, heshima na kazi.

Na kazi hiyo ndiyo iliyolibadilisha jengo. Ninaamini kwamba mtu akitaka kuieleza nyumba hii kwa haki, lazima aieleze kama nyumba ya Katharina. Alikuta jengo tupu lenye vyumba vingi na fedha kidogo, akaligeuza kuwa makazi yanayojilisha yenyewe. Alipika bia, alifuga ng'ombe, mbuzi na nguruwe, alilima bustani, alisimamia bwawa la samaki, alikarabati kuta na vyumba, na mwaka 1540 wakanunua shamba la Zülsdorf ambalo alilisimamia mwenyewe. Vyumba walimolala watawa vilipangishwa kwa wanafunzi wa chuo waliolipa chakula na malazi. Watu waliokula hapo kwa siku walizidi 30 nyakati fulani, wakiwemo watoto sita wa wanandoa hao (wawili kati yao, Elisabeth na Magdalena, walifariki wangali wadogo), watoto yatima wa jamaa, wakimbizi wa dini, wageni na watumishi. Luther alizoea kumwita mkewe Bwana Käthe, na kwa kuangalia mambo aliyoyabeba, jina hilo halikuwa mzaha mtupu.

Chumba kinachojulikana zaidi kipo ghorofa ya kwanza, na Wajerumani hukiita Lutherstube. Kuta zake zimefunikwa mbao, dari lake limegawanywa katika miraba ya mbao, na dirishani pana kiti cha mbao cha watu wawili wanaotazamana, mahali panapopata mwanga wa kutosha kusoma au kushona. Mbao hizo zilikuwa na faida kubwa kuliko urembo, kwani ukuta wa mawe katika baridi ya Ujerumani hunyonya joto la chumba, na mbao huzuia. Karibu na meza ya chumba hiki familia na wapangaji walikaa jioni, na kuanzia mwaka 1531 wanafunzi walianza kuandika maneno aliyoyasema Luther wakati wa chakula. Ndiyo maana tunajua habari nyingi za ndani ya nyumba hii, hata za kitanda kisichotandikwa, kuliko tunavyojua za nyumba nyingine yoyote ya raia wa kawaida wa zama zile. Jiko kubwa la vigae la kupashia joto linaloonekana humo leo ni la baada ya Luther kufariki, na mapambo yaliyochorwa kutani na darini ni ya karne ya 17. Mgeni anayedhani kwamba Luther aliota moto kwenye jiko lile amekosea.

Kitu ambacho Katharina alikiacha kwa mkono wake, na ambacho bado kipo, ni lango la mawe upande wa ua. Mwezi Novemba mwaka 1539 Luther alimwandikia rafiki yake Anton Lauterbach, mchungaji wa Pirna, mji uliosifika kwa jiwe lake la mchanga, akimwomba ashughulikie upatikanaji wa fremu ya mlango kama Katharina alivyotaka. Lango lilisimikwa mwaka 1540. Lina tao lililochongoka juu, na pande zote mbili pana kiti cha jiwe chenye kidari kidogo, kimoja kikiwa na picha ya kuchonga ya Luther na kingine nembo yake ya waridi. Viti vile vilikuwa vya kukalia kwelikweli. Anayeketi pale yuko nje ya nyumba lakini amekwisha kupokelewa. Wasomaji wa pwani wenye kuijua baraza mbele ya nyumba hawatahitaji kuelezwa zaidi maana ya jambo hilo.

Uwazi huo ulikuwa na gharama. Tauni ilipoingia Wittenberg mwaka 1527 na chuo kuhamishiwa Jena, Luther alikataa kuondoka, na nyumba ikageuka kuwa mahali pa kuuguza wagonjwa wakati Katharina akiwa mjamzito. Bugenhagen na familia yake walihamia humo kwa kipindi hicho. Kwa upande mwingine, ufukuaji wa wanaakiolojia uliofanywa kusini mwa jengo mwanzoni mwa karne hii ulileta taka za jikoni na za mezani, zikiwemo mifupa mingi ya wanyama, vyombo vizuri na vioo, na kuonyesha kwamba kaya hii ilikula na kuishi vizuri kuliko simulizi za umaskini wa Luther zinavyodai. Hakuna haja ya kuona mgongano hapo. Luther alikuwa na mshahara wa profesa, zawadi za watawala, na mke mwenye akili ya uzalishaji, na sehemu kubwa ya kilichopatikana ilipita mezani na kuishia katika matumbo ya wengine.

Swali jingine linalowachanganya watu ni kiasi gani cha jengo wanachokiona kilikuwepo wakati wa Luther. Jibu fupi ni kwamba kuta kuu, ukumbi wa chini, Lutherstube na lango la Katharina ni vya zamani, lakini sura ya nje imebadilishwa sana. Warithi wa Luther waliiuza nyumba mwaka 1564 kwa chuo kikuu, ambacho kiliifanya makazi na mahali pa kusomea wanafunzi, kikajenga mnara wa ngazi ya mzunguko upande wa ua, na baadaye kusimamisha jengo jingine mbele yake, liitwalo Augusteum, ambalo ndilo mtu hulikuta kwanza anapotokea barabarani. Chuo hakikukigusa sana chumba cha Luther, kwa kuwa tayari watu walikuja kukitazama. Mmoja wao alikuwa Petro Mkuu wa Urusi, aliyeandika jina lake kwa chaki kwenye mlango wa chumba mwaka 1712, na mwandiko huo umefunikwa kwa kioo hadi leo. Chuo cha Wittenberg kiliunganishwa na kile cha Halle mwaka 1817, jengo likachakaa, na katikati ya karne ya 19 msanifu wa mfalme wa Prussia, Friedrich August Stüler, alilikarabati kwa mtindo wa kuigiza zama za kati. Mapambo mengi ya nje yanayolifanya lionekane la kale kabisa ni ya Stüler, yaani yana umri wa chini ya miaka 200. Makumbusho yalifunguliwa humo mwaka 1883, miaka 400 baada ya Luther kuzaliwa, na mwaka 1996 jengo liliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO.

Sasa twende kwa jirani. Kando ya kanisa la mji la Wittenberg, ng'ambo ya uwanja tu, ipo nyumba inayoitwa ya Bugenhagen, ambayo picha zake husambaa kwa nadra. Haina lango la mawe lenye viti, imeunganishwa na nyumba za wengine katika mtaa, na imejengwa upya kwa sehemu kubwa katika karne ya 17 na ya 18. Hii ndiyo iliyokuwa nyumba ya mchungaji kwa maana kamili. Bugenhagen aliishi humo kwa sababu alikuwa mchungaji wa usharika ule, na baada yake iliendelea kukaliwa na viongozi wa kanisa la mji hadi karne ya 20. Wapo wanaoihesabu kuwa miongoni mwa nyumba za kale kabisa za wachungaji wa Kiprotestanti, na nadhani wana haki zaidi kuliko wanaoipa Monasteri Nyeusi cheo hicho.

Mchango mkubwa wa Bugenhagen ulikuwa wa kisheria. Miji na nchi zilizopokea Matengenezo zilimwita aandike kanuni za uendeshaji wa kanisa: Braunschweig mwaka 1528, Hamburg mwaka 1529, Lübeck mwaka 1531, na baadaye Pomerania na Denmark. Kanuni hizo ziliweka utaratibu wa kasha la pamoja, yaani mfuko mmoja unaokusanya mapato ya kanisa, na kutoka humo walilipwa wachungaji na walimu na kusaidiwa maskini. Mchungaji wa zamani aliyekuwa peke yake aliweza kuishi kwa mazao ya shamba lake na ada za ibada, lakini mchungaji mwenye mke na watoto sita alihitaji mshahara na nyumba yenye nafasi. Kwa hiyo nyumba ya mchungaji ilianza kuwa jambo la bajeti, ukaguzi na ukarabati. Wakaguzi waliotumwa vijijini kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1520 waliandika habari za sharika na za wachungaji walioishi kwa dhiki, na kwa miaka mingi kutengeneza nyumba hizo kulikuwa ugomvi wa kudumu kati ya wachungaji na wanavijiji waliopaswa kutoa mbao, mawe na nguvu kazi.

Utaratibu huo ulikuwa na upande wake mchungu. Kwa kuwa nyumba ilifuata kazi, kifo cha mchungaji kilikuwa pia notisi ya kuhama kwa familia yake. Sehemu nyingi ziliweka kipindi cha huruma ambacho mjane aliruhusiwa kubaki na kuendelea kupata mapato, kwa kawaida miezi kadhaa hadi mwaka, na kaskazini mwa Ujerumani na Denmark palizuka desturi ya mchungaji mpya kumwoa mjane au binti wa aliyemtangulia ili familia isikose makazi. Mfano unaojulikana wa karne ya 19 ni wa familia ya mwanafalsafa Friedrich Nietzsche. Alizaliwa mwaka 1844 katika nyumba ya mchungaji ya kijiji cha Röcken, baba yake akafariki mwaka 1849, na mwaka uliofuata mama na watoto walihamia mji wa Naumburg, kwa sababu nyumba ilimsubiri mchungaji mwingine.

Je, Katharina, aliyekuwa na hati ya nyumba, alisalimika? Luther alilitambua tatizo mapema. Mwaka 1542 aliandika wosia kwa mkono wake akimwachia mkewe mali na mamlaka juu ya watoto, kinyume na desturi ya kisheria ya Saksonia iliyomtaka mjane awe chini ya msimamizi mwanamume. Luther alipofariki Eisleben tarehe 18 Februari 1546, Kansela Gregor Brück alipinga, akashauri mjane aiache nyumba kubwa na watoto watenganishwe. Katharina alikataa, na mtawala Johann Friedrich akauthibitisha wosia. Kisha vita vikaingia, akakimbia mara mbili, akarudi kukuta mashamba yameharibiwa, akapangisha vyumba tena kama mwanzo, na mwaka 1552 alipokuwa akikimbia tauni alipata ajali ya gari la farasi, akafariki Torgau tarehe 20 Desemba. Hati haikumwondolea taabu, lakini ilimpa mahali pa kurudi, jambo ambalo mke wa mchungaji wa kijijini hakuwa nalo.

Uhusiano wa mambo haya na Afrika Mashariki si wa kubuni. Wajerumani Johann Ludwig Krapf na Johannes Rebmann, waliotumwa na shirika la misheni la Kianglikana, walihamia Rabai karibu na Mombasa mwaka 1846, na Rebmann aliendelea kuishi katika nyumba ya misheni hapo hadi mwaka 1875, alipoondoka akiwa karibu kipofu. Wamisionari wa Kilutheri kutoka Leipzig walifika Machame, Kilimanjaro, mwaka 1893, na popote walipoanzisha kituo nyumba ya mmisionari ilijengwa pamoja na kanisa na shule. Ilikuwa nyumba ya shirika, na mmisionari alipoondoka aliingia mwingine. Mfano waliotuletea, kwa hiyo, ni wa Bugenhagen. Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania lilipoundwa mwaka 1963 kwa kuunganisha makanisa saba, utaratibu wa mchungaji kuhamishwa na kukabidhi nyumba ulikuwa umeshazoeleka katika sharika.

Kwa hiyo anayetumia picha ya Monasteri Nyeusi kutetea au kulaumu ukubwa wa nyumba ya usharika anapima kitu kwa kipimo kisichokihusu, kwa kuwa ile ilikuwa mali binafsi ya profesa, iliyotolewa na serikali na kulipiwa kwa bia, mifugo na wapangaji. Na anayesema kwamba mchungaji mwenye nyumba yake binafsi kijijini kwao amewasaliti waumini anasahau kwamba Luther alikuwa nayo, wakati mchungaji wake mwenyewe, Bugenhagen, aliishi katika nyumba ya kanisa. Mambo hayo mawili yalikuwepo pamoja katika mji mmoja, umbali wa dakika chache kwa miguu, na hakuna aliyeona kwamba moja linalifuta jingine.

Lililo gumu zaidi ni lile lililomgusa Katharina. Sharika zetu nyingi hujua kujenga nyumba ya mchungaji, kuichangia mabati na saruji, na kumpokea mama mchungaji kwa vigelegele siku ya kuingia. Ni vigumu zaidi kupata maandishi yanayosema mama huyo akifiwa atakaa humo miezi mingapi, nani atamlipia gari la kuhamisha vyombo, na kama mumewe alisaidiwa kupata kiwanja chake angali kazini. Kanuni za karne ya 16 zilikuwa na mapungufu mengi, lakini zilithubutu kuliandika jambo hilo kwa wino, kabla msiba haujatokea.